Kitenge cha Mashahidi



Mwezi wa nne kamati yetu ilikaa kikao kuhusu sikukuu ya vijana. Tulikuwa watu kumi na wanne katika chumba kimoja cha parokia, umeme umekatika kama tulivyozoea, na jambo tulilolijadili tangu saa kumi za alasiri hadi giza kuingia lilikuwa rangi ya kitenge. Wengine walitaka bluu kwa heshima ya Bikira Maria, wengine nyekundu kwa kuwa ndiyo rangi ya damu. Kisha pakazuka mvutano juu ya picha: achapwe Anuarite peke yake, au Anuarite na Kizito, au tumwongeze na yule mpya, Bwana Chui, ingawa nyuso tatu zingepandisha bei. Mwishowe tulipiga kura. Katika saa zile tatu hakuna aliyeuliza, wala sisi tunaoandika hatukuuliza, Bwana Chui alikufa kwa sababu gani.

Hatuandiki dhidi ya kitenge. Watu wa Lubumbashi wanajua kuvaa imani yao, na mama anayekwenda Misa ya asubuhi amevaa sura ya mtakatifu mgongoni anahubiri barabarani kuliko wengi wetu tunavyohubiri darasani. Tunaandika dhidi ya jambo jingine, ambalo kitenge kinalifunika tu. Tumewageuza mashahidi vijana kuwa mapambo, na tumefanya hivyo kwa makusudi kuliko tunavyopenda kukiri, kwa sababu shahidi aliyechapwa kwenye nguo hamwulizi mtu swali lolote.

Lugha yetu yenyewe inatushitaki. Ndugu zetu wa Tanzania hupenda kusema wafiadini, neno zuri linalotaja mwisho wa mtu. Sisi huku tumezoea kusema mashahidi, na shahidi ni yule anayeitwa mbele ya hakimu aseme alichokiona. Shahidi huitwa ili asikilizwe, na baada yake kesi haiwezi kuendelea kama vile hajasema neno. Basi tujiulize: katika mahakama ya mji wetu, vijana hawa wameshuhudia nini, nasi tumefanya nini na ushahidi wao?

Tuanze na mwaka 1964. Tarehe 18 Oktoba, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Tarehe 21 Novemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati yake juu ya Kanisa, ambayo sura yake ya tano inafundisha kwamba wabatizwa wote, wa kila hali na kila kazi, wameitwa kwenye utakatifu. Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, sista mmoja wa shirika la Jamaa Takatifu ambaye alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitano aliuawa na kanali wa Wasimba aliyetaka kumchukua kwa nguvu. Roma walikuwa wamemaliza tu kuliandika fundisho hilo, na nchini mwetu binti wa Wamba alikuwa tayari analiishi. Hatudhani Anuarite Nengapeta aliwahi kuiona hati ile. Alikuwa na katekisimu, rozari, na kazi ya kuwafundisha watoto pale Bafwabaka.

Na tunamfundishaje Anuarite? Tuseme ukweli. Tunawakusanya wasichana peke yao, tunawaambia alikufa kwa kuulinda usafi wake, kisha tunageuza kifo chake kuwa fimbo ya kuwachapa kwa ajili ya sketi fupi na simu. Wavulana tunawatuma wakapange viti. Tumekuwa wakatekista kwa miaka zaidi ya ishirini, na hatukumbuki hata mara moja tulipowasimamisha wavulana na wanaume watu wazima tukawaambia: kaeni, kisa hiki kinawahusu ninyi kwanza. Kwa maana katika kisa hiki yupo mwanamume mwenye cheo na bunduki, anayeamini kwamba cheo kinampa haki juu ya mwili wa binti. Mtu huyo hajatoweka nchini mwetu. Wapo wenye cheo bila bunduki, wanaogawa pointi na nafasi za kazi, na baadhi yao huketi mstari wa mbele kanisani siku ya sikukuu, wamevaa kitenge cha Anuarite. Alipokuwa anapigwa alimwambia mwuaji wake kwamba anamsamehe. Papa Yohane Paulo wa Pili, alipomtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, naye alimsamehe mwuaji huyo kwa jina la Kanisa zima. Msamaha huo ni mkubwa mno, lakini hauna maana kwa watu ambao hawajawahi kuambiwa kwamba wametenda kosa.

Kuna kisingizio cha pili, nacho ni umri. Mara ngapi tumesikia katika mikutano yetu kwamba vijana wa leo bado, wakue kwanza, wapate kazi na ndoa, mambo ya utakatifu yatafuata? Paulo alimwagiza Timoteo asikubali kudharauliwa kwa sababu ya ujana wake. Sisi tunasoma maneno hayo kwenye Misa ya vijana kisha tunawapa vijana kazi ya kuelekeza magari. Kizito alikuwa na miaka ipatayo kumi na minne alipochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Karoli Lwanga alikuwa amembatiza siku chache tu kabla. Isidori Bakanja alibatizwa Mbandaka mwaka 1906 akiwa kijana wa miaka kama kumi na minane, akaenda kufanya kazi kwa Wazungu wa shamba la mpira. Wakamwamuru avue skapulari yake, akakataa. Mwezi wa pili mwaka 1909 alipigwa viboko zaidi ya mia, akaoza kwa vidonda hadi tarehe 15 Agosti, siku ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, akafa akimwombea aliyemwumiza. Na sisi wenye jina la katekista tusiwasahau Daudi Okelo na Jildo Irwa waliouawa kwa mikuki huko Paimol, kaskazini mwa Uganda, Oktoba 1918. Walikuwa wakatekista. Mkubwa alikuwa na miaka kati ya kumi na sita na kumi na minane, na mdogo hakuwa amefika kumi na mitano. Kwa taratibu zetu za leo, Jildo asingeruhusiwa hata kushika funguo za chumba cha katekisimu.

Lakini hatukutaka kurefusha orodha. Orodha nayo ni kitenge cha namna yake. Tunataka kutua mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni Buta, jimbo la Bururi, nchini Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wakakataa kujitenga. Arobaini wakauawa.

Kila tunaposoma habari hii tunakumbuka vituo vya treni. Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na familia nzima zikalala kwenye vituo vya reli majuma na majuma zikingoja mabehewa ya kuwapeleka mahali ambako wengi wao hawakuwahi kuishi. Watoto walifia pale. Sisi tunaoandika tulikuwa na miaka ishirini na kitu wakati huo, tumeshapata Kipaimara, tunaimba kwaya. Kwaya yetu ilikuwa na sauti nne, na ghafla ikabaki na sauti mbili, kwa kuwa wenzetu walikuwa wameondoka. Tuliendelea kuimba. Hakuna mtu aliyetuelekezea bunduki atuamuru tujitenge. Tulijitenga kwa kunyamaza tu, tukasema ni mambo ya wanasiasa. Wale wa Buta walikuwa wadogo kuliko sisi, na waliombwa kwa mtutu wa bunduki kile ambacho sisi tulikitoa bure. Hata leo, katika uchaguzi wa viongozi wa jumuiya, tunasikia minong'ono ya nani ni mwana wa nchi na nani ni mgeni. Vijana wetu wanaisikia. Wanajifunza kutoka minong'ono hiyo kwa wepesi kuliko wanavyojifunza kutoka mabango yetu.

Mahali pa pili ni Goma.

Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. (Jina lake halihitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote anayesoma ukurasa huu, na tunakiri linatufurahisha kwamba katika orodha ya wenyeheri, katikati ya majina ya Kilatini na Kiitalia, sasa kuna Bwana Chui.) Alisoma sheria. Aliingia jumuiya ya Sant'Egidio, akawahudumia watoto wa mitaani ambao watu wa Goma huwaita maibobo, akawatafutia nafasi shuleni. Akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, OCC, mahali ambapo vijana wengi wa nchi hii wangeuza shamba la babu yao ili waingie. Kazi yake ilikuwa kuangalia bidhaa zilizoharibika mpakani. Vyakula vibovu vikaletwa, akavikataa. Akapewa fedha, akazikataa. Akatishwa, hakubadilika. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, na mwili wake ulikutwa na alama za mateso. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita majuma machache tu kabla.

Jambo linalotugusa kuliko yote ni swali alilokuwa akilipima na rafiki zake kabla ya kufa. Hakujiuliza kama kanuni za ofisi zinamruhusu. Alijiuliza watu watakaokula chakula kile watapatwa na nini, na kama yeye anaishi katika Kristo au la. Ni maswali mawili, lakini kwake lilikuwa swali moja. Sisi tumeyatenganisha kwa ustadi mkubwa: swali la Kristo tunaliweka Jumapili, swali la mchele tunaliacha kwa ofisi.

Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na vijana na wakatekista katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwaeleza habari za kijana huyu. Akasisitiza kwamba angeweza kuufumbia macho mzigo ule bila mtu kujua, tena apate faida. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, wakati mji wake wa Goma ulikuwa mikononi mwa M23 tangu Januari. Watu wake walifuata Misa ile kwa mbali.

Sasa tunawasikia baadhi ya wanaparokia, tena wasomi, wakisema kwa sauti ya chini: huyu ni mtu mwema, lakini ni shahidi kweli? Hakuambiwa amkane Kristo. Aliuawa kwa ajili ya mchele, ni kesi ya polisi. Hoja hii inastahili kujibiwa, na imeshajibiwa zamani. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama imani peke yake ndiyo sababu ya ushahidi. Akajibu kwamba tendo la fadhila yoyote, likielekezwa kwa Mungu, ni ungamo la imani, na kwa hiyo linaweza kuwa sababu ya ushahidi. Mfano wake ni Yohane Mbatizaji: Herode hakumwambia amkane Mungu wa Israeli, alimkata kichwa kwa sababu ya maneno yake juu ya mke wa ndugu. Mwenye kusema mchele hauna uhusiano na imani amwondoe kwanza Yohane Mbatizaji katika kalenda.

Na tuseme kwa nini hoja hiyo inapendwa sana huku kwetu. Kasumbalesa iko kilomita zipatazo tisini kutoka hapa. Unga wa bukari tunayokula, kwa sehemu kubwa, unapita pale ukitoka Zambia. Shaba na kobalti zetu zinatokea pale pale. Katika kila parokia ya mji huu kuna familia inayoishi kwa mpaka ule: mkaguzi, wakala wa forodha, dereva, mwenye depo. Kama Bwana Chui ni shahidi wa imani, basi mpaka wa Kasumbalesa ni mahali pa imani, na kile kinachopita usiku kinahusu ubatizo wetu. Kama ni kesi ya polisi tu, tunaweza kulala vizuri. Basi tunachagua kulala vizuri, na tunakuita kulala huko teolojia.

Tunaweza kuandika haya yote kwa ujasiri kwa sababu hatufanyi kazi mpakani. Yaliyotupata darasani yametunyang'anya ujasiri huo, nasi tumeamua kuyasimulia, ingawa tunayaonea haya.

Baada ya kile kikao cha kitenge tuliwafundisha vijana wa Kipaimara habari za Bwana Chui. Tulifundisha vizuri, tulidhani. Mwishoni kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, akasimama. Akasema shuleni kwao kila mtahiniwa ameombwa mchango wa kuwapokea wasimamizi wa Mtihani wa Serikali, ili siku ya mtihani majibu yaingie bila shida. Wenzake wote wamelipa. Baba yake naye ameshamlipia. Akauliza: "Mwalimu, Bwana Chui angefanya nini?" Kabla hatujafungua kinywa akaongeza, bila dharau yoyote: "Na wewe, Mwalimu, ungefanya nini?"

Tuliangalia saa. Tukasema muda umekwisha, tutalizungumza kipindi kijacho.

Usiku ule hatukulala. Tulikumbuka kwamba sisi tulisomea ualimu, tukafundisha katika miaka ambayo mshahara wa serikali ulikuwa haufiki, au ukifika haununui gunia la unga. Mwishoni mwa mwaka mmoja mzazi alituletea bahasha. Mtoto wake alihitaji pointi nne. Tulimpa saba, ili isionekane kama hesabu. Tulijiambia ni madeso ya watoto, neno ambalo nchi nzima inalitumia, na kweli watoto wetu walikula siku ile. Tangu hapo tumemfundisha Kizito, tumemfundisha Bakanja, na bahasha ile haikutajwa popote isipokuwa katika kitubio. Padre alituondolea dhambi. Lakini yule mtoto aliyepewa pointi saba alijifunza jambo kutoka kwetu, na hatujui amelipeleka wapi.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulikwenda kumwona baba wa kijana. Alitukaribisha vizuri, akaleta viti chini ya mwembe, akatuma mtoto maji. Tulipoeleza tulichojia, uso wake ukabadilika. Aliyoyasema tunayaandika hapa kwa ukamilifu tuwezavyo, kwa sababu ndiyo hoja nzito kuliko zote tulizokutana nazo, nzito kuliko ile ya wasomi.

Alisema: "Mwalimu, mnataka mwanangu awe shahidi wa nini? Wa kufeli? Wale wote waliolipa watapata diploma. Wataingia chuo kikuu. Yeye atabaki nyumbani na usafi wake, kisha atakwenda kuchimba na wenzake kwenye mashimo, na udongo utamfunika. Wakati huo mtachapa kitenge chake?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na ninyi waalimu, sisi wazazi ndio tuliowalisha miaka yote serikali iliposhindwa. Tulilipa hata pale msipoomba. Leo mnatuambia kulipa ni dhambi?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatuna jibu kamili hata sasa. Sehemu ya maneno yake ni kweli. Wazazi wa nchi hii walibeba shule mabegani mwao tangu miaka ya 1990, na katika shule za msingi za serikali mzigo huo ulianza kuondolewa mwaka 2019 tu. Tena ni kweli kwamba Kanisa haliwaambii vijana watafute kifo. Tangu karne za kwanza liliwakemea waliokimbilia hukumu wenyewe. Bwana Chui hakutafuta kufa. Alikuwa na mipango ya maisha, na alipotishwa aliwaeleza rafiki zake kama mtu yeyote mwenye hofu. Anayempeleka kijana kwenye hatari huku yeye mwenyewe amekaa chini ya mwembe ni mtu wa kuogopwa.

Lakini yule baba, kwa uchungu wake, aligusa jambo ambalo pengine hakukusudia kuligusa. Alisema mwanawe atakuwa peke yake. Hapo ndipo kosa letu lilipo, sisi watu wazima. Anayekataa peke yake ndiye anayeumizwa. Wanafunzi arobaini wakikataa kuchangia, hakuna mwalimu atakayewafelisha wote, kwa kuwa shule yenyewe itaaibika. Wakaguzi kumi wakikataa mzigo mbovu, mwenye mzigo hatamteka yeyote kati yao, kwa kuwa atabaki na wengine tisa. Upweke wa mashahidi wetu hautoki mbinguni. Sehemu yake tunaitengeneza sisi, kwa kulipa kimya kimya kisha kuwashangilia. Tunapowaita vijana kwenye utakatifu na papo hapo kulipia majibu yao, tunawaita mahali ambapo tumekwisha kuondoka.

Basi tunayoyadai, tunayadai kwa wakubwa. Chama chetu kina waalimu, wakurugenzi wa shule, watu wa forodha, mahakimu wawili na daktari. Tunadai kwamba kabla ya kitenge kingine kuchapwa, watu hawa wakae pamoja, kila kundi na wenzake wa kazi, waseme mambo ambayo hawatayafanya tena, na wayaseme mbele ya vijana. Waalimu tuanze. Tunadai pia kwamba mzazi wa mtahiniwa asiye na fedha za mwaka wa pili, iwapo mwanawe atashindwa kwa sababu ya kukataa kulipa, asaidiwe na mfuko wa chama. Mfuko huo upo. Mwaka uliopita ulinunua mahema na vyombo vya muziki. Tulipolitoa pendekezo hili kikaoni tuliambiwa tunataka kuleta siasa parokiani. Mtu mmoja alisema vijana wanahitaji furaha, si habari za maiti. Tunamheshimu, lakini tunamwuliza ni lini aliwahi kuzungumza na kijana zaidi ya dakika tano. Yule aliyetuuliza swali hakuwa na huzuni. Alikuwa na njaa.

Kipindi kilichofuata tulimjibu. Tulisema mbele ya darasa zima: sisi hatukufanya kama Bwana Chui, tulipokea bahasha. Pakawa kimya kirefu. Msichana mmoja akauliza kama tulimwomba radhi yule mwanafunzi. Hatukuwa tumewaza hilo kamwe. Yule kijana wa mtihani hakusema neno; aliandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga.

Alikwenda kwenye mtihani akiwa na kalamu zake mbili tu, na karatasi ya majibu iliyolipiwa na baba yake hakuipokea. Wenzake watatu walifanya hivyo pamoja naye, nasi hatukuwa tumewashawishi. Walipatana wenyewe kwa simu, usiku. Kwenye fomu ya Kipaimara, mahali pa jina la msimamizi wa mbinguni, ameandika Floribert. Tunapoandika haya matokeo bado hayajatangazwa. Baba yake hajatusalimia tangu Jumapili ile, na kitenge kimefika, ni cha bluu, nyuso mbili. Bwana Chui aliachwa kwa sababu ya bei.